Sura ya Saba: Angelika Katika Bustani ya Wafalme

Kwa mara ya tatu Zita Sebineza aliuliza swali lile lile, na kwa mara ya tatu akaongezewa sambusa.

"Mama Charlotte, nimeshiba. Picha hii nani alikutumia?"

"Bon, kula kwanza. Mutu hawezi kufikiri na njaa," alisema Chimène, naye mwenyewe hakula. Alikuwa ametoka kazini saa nane mchana, kwenye ghala moja la hapo hapo Jeffersontown, ukingoni mwa Louisville, na fulana ya kung'aa ya kazini ilikuwa bado mwilini. Kila kiti cha sebule kilikuwa kimekaliwa na vitenge vya kijani kibichi vyenye miavuli midogo myeupe, vimekunjwa tayari kwa kugawiwa mashangazi. Zita alikaa kwenye mkono wa kochi, maana kwingine kote kulijaa miavuli.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Charlotte, mtoto pekee wa Chimène, angefunga ndoa huko Buffalo na Jean Bosco, Mrundi mwendesha foklifti, mtu mpole, asiyekunywa, mjane. Neno hilo la mwisho ndilo lililomleta Zita. Siku tatu nyuma simu ya Chimène ilipokea picha ya mwanamke, na chini yake maneno matatu: Angelika wa Bosco. Angelika ndilo jina la marehemu mke wa Jean Bosco, aliyefariki Kigoma kwa homa miaka tisa iliyopita, kwa maelezo yake Jean Bosco. Ikiwa hakufariki, basi Charlotte alikuwa anakwenda kuolewa na mume wa mtu, mbele ya mchungaji na watu mia mbili.

Zita alikuwa mpelelezi mwenye leseni. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa walinzi ghalani, na kazi ile ilimfundisha kwamba watu wengi hawadanganyi, ila wanajibu swali ambalo hukuliuliza. Aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

Mwanamke alivaa jaketi jeusi na kofia pana, nusu ya uso iko kivulini. Huwezi kusema ana miaka ishirini na mitano au arobaini. Picha iliishia kiunoni. Nyuma yake ulipanda mlima wa misonobari, na ubavuni mwa mlima jumba la kifalme, paa juu ya paa, ya rangi ya njano, yamekunjika pembeni kuelekea juu. Chini ya jumba yalishuka matuta ya maua, mekundu, ya zambarau, meupe, hakuna hata moja lililokosea mstari.

Zita alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyepotezewa siku.

"Mama Charlotte, hili ni pazia."

"Pazia gani?"

"La studio. Kambini Mtabila, ukimbizini kule Kigoma, tulikuwa na mpiga picha akiitwa Gatera. Alikuwa na pazia la jumba la wafalme wa Uchina, na mlima, na maua hivi hivi. Kila mtu wa kambi ile ana picha Uchina. Mimi ninayo. Marehemu mama yangu anayo, tena ana ndoo kichwani, maana alikuwa anatoka bombani."

"Ata Jean Bosco alisema ivyo. Anasema ni photo ya zamani, ya ku camp."

"Sasa mmeniitia nini?"

Chimène alisogeza vitenge, akakaa. "Juu Charlotte iko moja tu. Nilimuuliza Jean Bosco, nipe papier ya kifo. Anasema ilibakia mu dossier ya camp. Nikamuuliza kaburi. Anasema majani ilimea, haionekane tena. Donc, kila kitu iko na jibu. Mutu wa majibu yote, mi namuogopa."

Zita alisogeza sahani kando. Alifungua daftari na kuuliza kwa mara ya nne.

"Ni Elie," alisema Chimène kwa urahisi, utadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. "Photographe wa Columbus. Ye ndo atapiga photo za mariage. Alinitumia, anauliza, maman, uyu Angelika ni nani?"

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ulikuwa unakula."

Zita alimpigia Elie palepale. Elie alisema kwamba mambo ya picha hayaongelewi kwa simu, aje aone kwa macho, halafu akakata. Columbus iko njiani kwenda Buffalo, kwa hiyo hakuna alichopoteza ila usingizi. Aliinuka, akamuuliza Chimène mambo mawili ya mwisho kwa mazoea tu. Mashangazi wangesafiri kesho kwa basi dogo. Na vitenge?

"Jean Bosco mwenyewe alicommander, ku inje. Alichagula modèle, miavuli. Hakuna mwingine katika Amerika mwenye kuwa nayo. Carton ilifika mwezi iliyopita."

Zita hakuandika hilo.

*

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa alikuwa Clintonville, kaskazini mwa Columbus, mgongo unamuuma, akishuka ngazi za chini ya nyumba ya Elie. Elie alikuwa kijana mrefu wa Uvira, mwenye tabia ya kufuta lenzi kila alipoulizwa jambo. Alimwonyesha harusi ya Dayton. Akamwonyesha ubatizo wa mapacha. Alipoanza kutafuta harusi nyingine, Zita alikuwa ameshageukia ukutani, palipotundikwa mapazia yake yaliyozungushwa kwenye mabomba.

Kwenye bomba la nne ilichungulia ncha ya paa la njano, iliyokunjika kuelekea juu.

"Hili hapa," alisema Zita, na kabla ya kuruhusiwa akavuta.

Pazia lilishuka lote hadi sakafuni. Kulikuwa na daraja, mabata wawili, mwezi, na kibanda chenye paa la njano. Mlima haukuwepo. Maua hayakuwepo. Pembeni kabisa ilisomeka namba ya simu ya mchapaji.

"Bon, maman Zita," alisema Elie. "Ulimaliza kufungua mali yangu?"

"Kuna jingine?"

"Hakuna. Na ile photo haiko ya rideau, ya pazia. Kama ungeniuliza jana ningekuambia."

"Jana ulinikatia simu."

"Juu kwa simu hungeamini." Alifungua picha kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, akamvutia kiti. "Sema uko naona nini."

"Mwanamke. Jumba. Mlima. Maua."

"Maua iko wapi?"

"Nyuma yake."

"Yote?"

Zita alianza kukasirika. Hakupenda kuulizwa maswali anayouliza yeye. Lakini alitazama. Kwenye pembe ya chini, kulia, kulikuwa na kitu cha waridi kisichoonekana vizuri. Alikuwa amekiona tangu jana kwenye simu ya Chimène, akakipita.

"Hicho ni kidole cha mpiga picha."

"Kidole iko na majani?"

Elie alikuza. Kilikuwa ua, limepigwa kwa karibu mno hata likafifia, na jani lake moja lilipita juu ya kiwiko cha jaketi jeusi na kukifunika.

"Rideau inakaaka nyuma ya mutu, maman. Iyi ua iko mbele yake. Angalia tena kivuli ya kofia, na kivuli ya ile mti kule juu. Vyote vinaenda kushoto. Ni jua moja. Uyu mama alisimama mu bustani."

Zita alikisogelea kioo. Alikuwa na hasira tangu jana, na sasa alijua anamkasirikia nani. Mtu yeyote wa Louisville, hata polisi mvivu, angeitazama picha ile na kusema mwanamke huyu alitembelea jumba la mfalme. Yeye peke yake, kwa kuwa mama yake alisimama Uchina na ndoo ya maji, ndiye aliyejua zaidi. Na Jean Bosco alijua kwamba watu wa kambi wangejua zaidi.

Hata hivyo picha ya bustani si tarehe. Haikusema mwanamke yule ni Angelika, wala haikusema alisimama pale lini. Uso ule ungeweza kuwa wa dada wa marehemu, au wa mtu yeyote.

"Nani alikutumia wewe?"

Elie alifuta lenzi. "Joselyne, dada ya Jean Bosco. Alinipa photo makumi mbili za famille, za kuonesha ku mur, ukutani, siku ya mariage. Iyi ilikuwa katikati. Nikamuuliza, akasema pardon, nilikosea, akafuta. Lakini mi nilikuwa nishaiweka."

"Kwa hiyo alikosea akaandika na jina."

"Ata mi nilifikiri ivyo. Na kitu ingine. Photo ya simu iko na urefu yake. Iyi ni fupi. Balikata chini."

"Kwa nini mtu akate chini?"

"Mi ni photographe," alisema Elie. "We ndo mpelelezi."

*

Nyumba ya Jean Bosco huko East Side, Buffalo, ilikuwa ya ghorofa moja. Yeye alikaa juu na dada yake chini. Saa kumi na nusu jioni Zita alimkuta Joselyne jikoni, kati ya wanawake watano, masufuria ya maharage na mkungu mzima wa ndizi. Wote walimkaribisha. Mmoja alikuwa ameshachota maharage kwenye sahani.

"Sili," alisema Zita, kwa sauti iliyomshangaza hata mwenyewe. "Joselyne, njoo nje."

Walisimama kwenye ngazi za nyuma. Joselyne alikuwa na miaka thelathini, mikono imejaa utomvu wa ndizi, na alilitazama dirisha la juu kabla hajasema neno.

"Nionyeshe ya chini," alisema Zita.

"Ya chini gani, dada?"

"Sehemu uliyoikata. Elie amenieleza. Usinipotezee muda, nimeendesha gari tangu alfajiri."

Joselyne alifuta mkono kwenye nguo, akatoa simu mfukoni, akatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaigeuza.

Ilikuwa picha ile ile, ila nzima. Jaketi jeusi, na chini ya jaketi, kutoka kiunoni mpaka vifundoni, kitenge. Kijani kibichi, chenye miavuli midogo myeupe. Miguuni mwanamke alivaa mifuko ya plastiki ya buluu, imefungwa juu ya viatu.

Zita aliona sebule ya Jeffersontown na kochi ambalo hakupata pa kukaa. Nguo ambayo hakuna mwingine anayo Amerika, iliyofika mwezi uliopita. Marehemu wa miaka tisa alikuwa amejifunga nguo iliyochapwa mwaka huu. Na yeye, mpelelezi mwenye leseni, alikuwa ameambiwa hayo yote Alhamisi, asiandike.

"Ni Angelika?"

"Ni yeye. Anaishi Uchina, anauza vitenge." Joselyne alimeza mate. "Kuna na sauti."

"Iweke."

Sauti iliyotoka simuni ilikuwa ya mtu anayehema na kucheka kwa pamoja.

"Wifi Joselyne, hujambo? Nimempigia Bosco hapokei, najua ni kazi. Tajiri wa kiwanda ametupeleka kutembea huku kaskazini, kwenye makao ya wafalme ya mlimani. Ngazi hizo, wifi, nimehesabu mia tatu nikaacha. Ukifika mlangoni unavalishwa mifuko miguuni usichafue sakafu ya mfalme, na mfalme mwenyewe hayupo, alishakufa zamani. Kitanda chake nimekiona. Kidogo, mimi nikilala miguu inaning'inia. Lakini maua, wifi. Matuta kwa matuta mpaka bondeni, na kuna bibi kizee kazi yake ni kuondoa yaliyonyauka tu, kutwa nzima, amevaa na glavu. Nikasema Bosco akinileta huko Amerika nitamwomba tuta moja, moja tu. Hiyo nguo unayoiona ndiyo ya kwaya yenu, ile aliyoagiza kwangu. Nilibakiza kipande kimoja, nami niwe mwanakwaya. Mkumbushe makaratasi yangu. Mwaka wa tisa huu."

Simu ikanyamaza. Jikoni mtu aliangusha mfuniko.

Zita alimgeukia Joselyne. "Ulikuwa na nguo yake," alisema. "Ulikuwa na sauti yake. Ukaikata nguo, ukaificha sauti, ukaacha uso ulio kivulini, ukampelekea mpiga picha katikati ya picha ishirini."

"Bosco ndiye alinilea, dada. Baba alipokufa ndiye alinibeba. Nguo ingeonekana, angejua ni picha mpya, imetoka kwangu. Hakuna mwingine aliyetumiwa. Nilitaka wajue bila mimi kusema."

"Na hawakujua."

"Hawakujua," alikiri Joselyne, na machozi yakamshuka.

Zita alitaka kuendelea kufoka, lakini hakuwa na moyo huo tena. "Itume kwangu. Picha na sauti, vyote."

Mlango wa juu ulifunguka na Jean Bosco akashuka, suti mpya mwilini, karatasi ya bei ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono wa suti. Alikuwa na uso mzuri, wa mtu anayeaminiwa na wazee.

"Karibu, dada Zita. Mama mkwe alinipigia. Bado ile picha?"

"Bado." Zita alimwonyesha ile fupi, iliyoishia kiunoni. "Nisaidie niifunge kazi. Ilipigwa wapi?"

"Nilishasema. Kambini, kwa Gatera. Wewe si ulikuwa Mtabila?"

"Nilikuwa. Wewe ulikuwepo siku hiyo?"

"Nilisimama pembeni, nimemshikia mkoba."

"Unakumbuka vizuri. Jaketi lilikuwa la nani?"

"La mtumba. Nilimnunulia mimi."

"Na chini alivaa nini? Hapa pamekatwa."

Jean Bosco alitabasamu kwa huzuni ya kiungwana. "Kitenge cha marehemu mama. Chekundu. Ndicho tulichomzikia."

Nyuma yake Joselyne aliziba mdomo kwa mkono wenye utomvu.

Honi ililia barabarani mbele ya nyumba, ndefu, ya furaha, kisha vigelegele. Zita alikwenda kwa kupitia ubavuni mwa nyumba na Jean Bosco akamfuata, Joselyne nyuma yake, maana bwana harusi hawezi kuwakimbia wageni. Basi dogo lilikuwa limesimama. Mashangazi walikuwa wamebadilisha nguo kwenye kituo cha mafuta huko Erie ili washuke sare, na sasa wakashuka mmoja mmoja, kumi na wanne, kijani kibichi, miavuli myeupe, kutoka mlango wa basi mpaka ukingo wa barabara. Chimène alikuwa wa mwisho, naye amemshika Charlotte mkono.

Zita alimpa Jean Bosco simu. Alikuwa ameweka picha nzima.

Jean Bosco aliitazama. Akainua macho kuwatazama wageni wake. Akaitazama tena.

"Kulikoni?" aliuliza Chimène. Vigelegele vilikatika.

"Mama Charlotte, nilikuambia ni pazia. Nilikosea mimi. Angalia."

Chimène alikazia macho uso, hakuuelewa. Kisha akashuka chini ya jaketi. Alikamata pindo la kitenge chake mwenyewe, akalivuta juu, akaliweka kando ya kioo cha simu. Shangazi mmoja alichungulia begani kwake, akarudi nyuma, na habari ikapita kwa mashangazi wote bila mtu kufungua mdomo.

Charlotte ndiye aliyesema. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mlezi wa wazee, aliyezoea kuuliza mambo magumu kwa sauti ya chini.

"Iko hai?"

"Yuko hai," alisema Zita.

"Anajua mi nani?"

"Hajui. Anajua nguo ni za kwaya, amesema mwenyewe kwa sauti."

"Charlotte, nisikilize," alianza Jean Bosco. "Wakati wa mahojiano ya kuja huku waliuliza, una mke, nikaona tutacheleweshwa, nikaandika mjane. Nilitaka kumleta baadaye. Baadaye ikawa—"

"Joselyne," alisema Charlotte, "Zita anasema kuko sauti?"

Joselyne alikuwa ameshatoa simu. Sauti ilicheza tangu mwanzo, ngazi mia tatu, mifuko ya miguuni, kitanda cha mfalme. Ilipofika kwenye tuta moja la maua, Chimène alikaa kwenye kizingiti cha basi. Ilipofika kwenye makaratasi, Jean Bosco alianza kuing'oa ile karatasi ya dukani kwenye mkono wa suti, akaivuta, ikakataa kukatika.

Charlotte alinyoosha mkono, akapewa simu. Alibonyeza pa kurekodi, akaisogeza mdomoni.

"Mama Angelika, jambo. Naitwa Charlotte, niko ku Buffalo. Bitenge bilifika. Bote kumi na ine, bizuri sana." Kidole hakikuachia. Mashangazi walimtazama mdomo. "Lakini huku hakuna kwaya."

Akaachia. Alimrudishia Joselyne simu, naye Joselyne akaishika kwa mikono miwili mbele ya wote. Kule Uchina kulikuwa kunapambazuka. Alama mbili zilitokea chini ya ujumbe, zikakaa za kijivu, halafu zikageuka buluu.